Niliwaambia Wako Sawa

Nilitoza shilingi hamsini kwa kila mtu, nikawaambia jambo ambalo si kweli. Sikujua kwamba si kweli. Hilo halinisaidii sana, maana kujua ndiko nilikolipiwa.

Nina duka la M-Pesa sokoni kwetu, upande wa Kebirigo, kaunti ya Nyamira. Natoa pia nakala, nachapa barua na kuwajazia watu fomu za serikali. Oktoba 2024, bima ya afya ya serikali, NHIF, ilipoondoka na SHA kushika nafasi yake, foleni ilifika hadi kwa muuza ndizi. Wengi wao wana simu za kabambe. Mzee anafungua leso, anatoa kitambulisho, ananipa pamoja na simu, kisha anatazama barabarani kana kwamba mambo hayo hayamhusu. Nilibonyeza *147#, nikajaza majina na wategemezi, ujumbe ukaingia, nikamrudishia simu yake. "Tata, sasa uko sawa." Niliyasema maneno hayo bila kufikiri, kama mtu anavyorudisha chenji.

Hawakuwa sawa.

Usajili ni hatua ya kwanza tu. Mtu asiye na mshahara anatakiwa pia kujibu maswali kuhusu maisha yake: kuta za nyumba, paa, choo, maji, anapikia nini, ana mifugo gani. Majibu hayo hutumika kukadiria mapato yake, naye hutozwa asilimia 2.75 ya makadirio hayo, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Asipolipa, akilazwa hospitali ya ngazi ya nne kwenda juu, gharama ni yake. Hatua hiyo ya pili niliiona. Ilikuwa na maswali mengi na watu walikuwa wakingoja. Niliiruka.

Ukiniuliza ilikuwaje, nitakwambia kwamba kila mtu alikuwa anahesabu usajili, nami nikahesabu usajili. Enzi za NHIF mkulima alilipa 500 kila mwezi, na mwezi alioukosa aliujua, kwa hiyo bima na kulipa vilikuwa kitu kimoja akilini mwetu. Safari hii tangazo lilikuwa jisajili, kujisajili ni bure. Barazani tuliulizwa nani bado hajajisajili; sikumbuki mtu akiuliza nani amelipa. Kufikia katikati ya 2025 serikali ilikuwa ikitangaza kwamba waliosajiliwa wamepita milioni 20, huku wakulima na wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakilipa wakiwa sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Mimi nami nilikuwa na daftari langu la majina, na nilimwonyesha kila aliyekubali kulitazama.

Mvua za masika zilipofika, jirani yangu mmoja aliteleza shambani na kikapu cha majani chai mgongoni. Chai yetu iko kwenye miteremko mikali, na udongo ukilowa hata gambuti hazishiki. Mguu ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Nilipanda gari pamoja na familia hadi hospitali moja kubwa, bila kuombwa. Nilijiona ndiye mwenye kujua mambo ya karatasi.

Dirishani nilitangulia mbele. Nikasema mgonjwa ana SHA, nimemsajili mwenyewe. Karani aliingiza namba ya kitambulisho, akasoma, akasema kwa upole kabisa, "Amesajiliwa, ndiyo. Lakini hajalipa chochote." Nikamwambia aangalie tena. Akageuza kioo cha kompyuta kidogo ili nione mwenyewe. Jina lilikuwa sahihi, tarehe ya kuzaliwa sahihi, watoto wote wapo, kazi yangu safi. Pale pa mchango palikuwa patupu.

Nilichowaza kwanza hakikuwa mguu wa mzee. Niliwaza daftari.

Kisha nikafanya pale kwenye benchi kazi niliyopaswa kuifanya Oktoba. Mzee amelala kwenye machela, mguu umefungwa kwa mbao na kanga, nami nimeshika simu yake namuuliza nyumba yake ina paa la aina gani. Akanitazama. "Paa si unalijua? Si ulikuja kula Krismasi?" Nikaendelea. Ukuta? Choo? Una ng'ombe wangapi? Mwanawe akaniomba nisimalizie kwa sauti. Kiasi kikatoka, cha mwaka mzima. Hakikuwa kiasi cha kutisha. Ila siku hiyo hawakuwa nacho.

Oktoba walikuwa nacho. Hapa ndipo panaponiuma kuliko pengine. Mkulima wa chai hupata malipo kidogo kila mwezi, halafu bonasi inakuja Oktoba, na hizo ndizo pesa nyingi zaidi za mkupuo atakazoziona mwaka mzima. Waliokuwa kwenye foleni yangu walikuwa wametoka kupokea bonasi. Wengine walitoa pesa na kujisajili kwa safari moja, na noti niliwahesabia mimi. Ningesema sentensi mbili tu, wengi wangelipa hapo hapo. Kufikia masika zilikuwa zimekwenda kwa karo na mbolea.

Familia ilichangisha, na mpaka mchango ulipolipwa upasuaji ulikuwa umechelewa. Chuma cha kuunganisha mfupa walikinunua wenyewe. Waliuza ng'ombe mmoja na kukodisha sehemu ya chai kwa miaka miwili. Mguu ulipona, lakini mzee hashuki tena kuchuma kule bondeni.

Hasara nyingine niliiona polepole. Habari ilienea kwamba SHA ni bure ya mdomo, na aliyeieneza hakuwa na kosa. Lakini kuna kitu ambacho kweli kilikuwa bure, nami sikuwahi kukitaja: kwenye zahanati na vituo vya afya, ngazi ya pili na ya tatu, matibabu hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Ukishasajiliwa unatibiwa bila kutoa mchango, dawa zikiwapo. Milima yetu ina baridi, watu hawana kinga ya malaria kama wenzetu wa kando ya ziwa, na mvua ndefu zikiisha homa hupanda. Mwaka huo akina mama walipita na watoto mbele ya zahanati kwenda kununua vidonge dukani, bila kupima, kwa sababu waliamini kote watadaiwa.

Aliyenieleza hayo ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu, mmoja wa wale zaidi ya 100,000 waliokabidhiwa mikoba mwaka 2023. Yeye alifundishwa hatua zote mbili na alikuwa akizifanya bure, nyumba kwa nyumba, kwa posho ambayo haiji kila mwezi. Akifika mlango baada ya mlango aliambiwa, "Kijana wa M-Pesa ameshamaliza." Hakunifokea. Aliniomba daftari.

Nilimpa. Tunapita nalo pamoja sasa, jioni nikishafunga duka. Kuna wanaotukaribisha na kujibu maswali ya paa na choo wakicheka. Kuna wanaofunga mbwa polepole sana. Bibi mmoja alinidai hamsini yake kabla ya kusikia lolote, nikampa, kisha akakataa kusikia.

Jirani yangu anasema ameshanisamehe ila mchango wake wa mwaka ujao nitaulipa mimi. Alisema hivyo mbele ya watu, sokoni, na wote wakacheka. Yeye hakucheka. Nimeanza kuweka kidogo kidogo.