Simba Wanyika: Kuinuka na Kuanguka kwa Bendi, na Hatima ya Wimbo

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuchambua wimbo wa bendi kwa njia moja: maneno hunukuliwa kutoka kwenye santuri, hupangwa beti kwa beti mithili ya shairi, kisha hutafutiwa dhamira. Njia hiyo ina manufaa yake, lakini huacha nje jambo ambalo msikilizaji wa kawaida hakukosa kulisikia. Historia ya Simba Wanyika huidhihirisha hasara hiyo, hasa ikitazamwa kutoka mahali kama Ishiara, mji mdogo wa soko katika nchi ya Wambeere, mbali na studio na kumbi za Nairobi.

Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walianzia muziki Tanga, katika Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walihamia Arusha wakaunda Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka mpaka hadi Mombasa, na huko Simba Wanyika ikaanza. Mwaka 1975 walihamia Nairobi. Nyimbo zao ziliwafikia watu wa bara kwa redio na kwa santuri. Kwa mzungumzaji wa Kimbeere, ambaye Kiswahili alikipata darasani, sokoni au kazini, hicho kilikuwa Kiswahili kingine: Kiswahili cha kubembeleza, cha wivu na cha kuomba radhi, mambo ambayo vitabu vya shule havikuyagusa. Jina la bendi nalo halikuwa geni. Ishiara iko chini ya miteremko ya chai na kahawa, katika ardhi kavu ya ndengu, mtama na mbuzi. Hiyo ndiyo nyika yenyewe.

Wimbo wa Simba Wanyika ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza yalikuja maneno, polepole, kisa kikisimuliwa. Halafu magitaa yakaachiwa uwanja. Santuri ndogo haikuweza kuubeba wimbo wote upande mmoja, hivyo ulikatwa, na msikilizaji akalazimika kuigeuza ili aufikie mwisho. Mhakiki anayenukuu maneno tu huishia upande wa kwanza. Upande wa pili gitaa la solo, la rithimu na la besi hujibizana, na kisa kilichokwama katika maneno hupata pumziko ambalo mtunzi hakulitamka. Kwa mchezaji katika baa ya sokoni, huko ndiko maana ilikokamilika.

Kwa sababu hiyo mgawanyiko wa mwaka 1978 haukuwa habari ya ugomvi wa wanamuziki tu. Omari Shabani, aliyejulikana kama Professor, mpigaji gitaa la rithimu, aliondoka pamoja na Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma. Walijiunga na John Ngereza, wakafanya mazoezi kwa muda wa miezi sita, kisha wakajitokeza Nairobi kwa jina la Les Wanyika. Waimbaji wakuu walibaki kwa Simba. Waliokwenda ni wale waliokuwa wakiushikilia mdundo. Baadaye Issa Juma naye akawa na Super Wanyika yake. Nyika moja ikawa na simba kadhaa.

Wimbo uliowapa Les Wanyika umaarufu mkubwa ni “Sina Makosa”, utungo wa Omari Shabani. Msemaji wake humkabili mwanamume mwenzake anayemchukia kwa sababu ya mwanamke, naye hukana kosa. Kishawishi ni kikubwa cha kuusoma utungo huo kama utetezi wa waliohama. Matini hayaruhusu usomaji huo. Yanahusu mapenzi ya pembeni na unafiki wa watu wawili walio na wenzi nyumbani. Lakini utungo huo hautoi hukumu. Msikilizaji ndiye anayeachiwa kesi, na msikilizaji wa Ishiara, aliyezijua kesi za namna hiyo katika kijiji chake, hakuhitaji historia ya bendi ili aiamue.

Kuanguka kulikuja kidogo kidogo. Katika miaka ya 1980 kaseti zilichukua nafasi ya santuri, na kunakili kaseti bila idhini kukawa biashara nyepesi ambayo haikumlipa mtunzi. Wanamuziki wageni nchini Kenya walisumbuliwa na masuala ya vibali vya kazi. George Peter alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995, na Simba Wanyika ikakoma. Omari Shabani alifariki mwaka 1998.

Nyimbo hazikufa pamoja na wenyewe. Zingali zinapigwa redioni na kuimbwa na bendi za baadaye, mara nyingi bila jina la mtunzi kutajwa. Hapo ndipo uhakiki unapodaiwa. Fasihi simulizi imezoea kuisamehe hadhira inapomsahau mtunzi, kwa hoja kwamba kazi ni mali ya jamii. Hoja hiyo yafaa kwa ngano isiyojulikana ilikotoka. Kwa Omari Shabani na ndugu wawili Kinyonga, yafanana na kunakili kaseti. Mhakiki atakayeugeuza upande wa pili wa santuri, akamtaja aliyepiga rithimu kama anavyomtaja aliyeandika ubeti, atakuwa amelipa sehemu ya deni hilo.