Wala Moshi wa Gent

Nje ya mji wa Gent, Ubelgiji, barabara inaufuata mfereji mpana unaoelekea Terneuzen, Uholanzi. Asubuhi wafanyakazi wa kiwanda cha chuma huenda kazini kwa baiskeli, wengine wana mvi kabisa, na manyunyu hayawashughulishi. Kwetu Kenya, fundi wa kiwanda kikubwa hivyo angeshachukua mkopo wa gari. Mbele yao yamesimama matanuri ya kampuni ya ArcelorMittal, na kando yake matangi marefu ambayo mgeni atadhani ni ya bia, maana kwa bia Wabelgiji hawana mchezo.

Yaliyomo ni maji yaliyojaa bakteria. Gesi ya matanuri, ambayo kwa kawaida huishia kuchomwa, inasafishwa na kupulizwa humo. Bakteria wanaila kaboni yake na kutoa ethanoli. Mtambo ulizinduliwa Desemba 2022, na uwezo wake ni lita milioni 80 kwa mwaka. Chakula kikuu cha bakteria hao ni kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wetu waliolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa. Oksijeni ndiyo sumu yao.

Asili yao haina fahari: watafiti wa hukohuko Ubelgiji waliwatoa kwenye kinyesi cha sungura, wakawatangaza mwaka 1994. Waliokuja kuwafanyia biashara ni LanzaTech, kampuni iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2005.

Kwenye vituo vya mafuta vya Ubelgiji, pampu ina alama ya E10: petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 10. Wenyeji wanajaza bila hata kuitazama. Mimi niliwaza Muhoroni ya kwetu, malori ya miwa na harufu ya molasi iliyochacha. Miaka ya 1980 Kenya nayo ilitia ethanoli ya molasi kwenye petroli, kazi ikifanywa na hamira, kisha tukaacha.

Ethanoli ya Gent ikichomwa garini, kaboni ya makaa ya mawe ya matanuri inapanda angani vilevile, ila imetumika mara mbili. Kaboni ya muwa ilitoka hewani muwa ukikua. Wenye matanuri makubwa wana sababu ya kufuga bakteria hawa. Sisi tunaoyeyusha vyuma chakavu, bila gesi ya namna hiyo, tungeanza upya na molasi.