Upanga uliomshinda baba

Kwa miezi mitano baba na mwanawe wa miaka 15 hawakuzungumza zaidi ya salamu. Wanaishi Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu. Kilichowarudisha pamoja ni upanga: kijana alikuwa amepagawa na panga za mikono miwili za askari wa kukodiwa wa miaka ya 1500, ndefu karibu kimo cha mtu. Wakakubaliana kutengeneza mmoja kwenye gereji yao.

Kijana alisema zile za vita zilikuwa na kilo 2 hadi 3 na ushee. Baba, fundi vyuma wa miaka mingi, akacheka. Upanga mrefu hivyo? Akauacha mnene kuanzia mpinini hadi nchani. Kijana akanyamaza, na kijana wa umri huo akinyamaza, si kwamba amekubali.

Siku ya kuupima, mizani ilionyesha kilo 5 kasoro. Baba aliuzungusha mara moja tu, ncha ikamvuta hadi ikagonga sakafu. Kijana hakucheka. Alisema tu kwamba bapa hupungua unene kadiri linavyokaribia ncha.

Baba akaurudisha kwenye jiliwa, akampa grenda na tupa. "Nionyeshe."

Jumamosi sita kijana alipunguza chuma, baba akishika taa. Makali hawakuyatia, hilo mama alishalisema, na hakuna aliyebisha.

Sasa una kilo 3 na robo, umetundikwa sebuleni. Karibu na ncha kuna kibonde, pale kijana alipozidisha tupa. Baba alikiona siku ile ile. Hajakisema.