Ligi imeisha, sasa tutaongea nini?

Sisi watu wa Mnyama mwaka huu tunapewa pole kama wafiwa. Hata mama wa chipsi pale nyuma ya hosteli ananiongezea kachumbari bila kuombwa, halafu anauliza, "Mmeshapoa?" Tumepoa, mama. Juni 25, Yanga 2, Simba 0, ubingwa umebaki Jangwani kwa msimu wa nne mfululizo. Tuliingia uwanjani tukiwa na pointi 78, wao 79. Sare tu iliwatosha, wakaona sare ni ndogo. Penalti ya Pacome, kisha Mzize akafunga hesabu. Nimesikiliza wachambuzi wote wa redio wiki nzima na hakuna hata mmoja aliyerudisha goli.

Na mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumeshalia mara moja. Fainali ya Kombe la Shirikisho, Berkane wametupiga 2-0 kwao Morocco, tunarudiana Amaan, Zanzibar, Mei 25. Nililipa buku yangu kwenye kibandaumiza, nikakaa benchi la tatu kama kawaida. Mutale akafunga mapema, watu wakapanda juu ya mabenchi, mwenye kibanda akawa anapiga kelele kuhusu mabenchi yake. Kipindi cha pili tukabaki kumi uwanjani. Mukwala akafunga, VAR ikakataa. Dakika za nyongeza wakasawazisha. Kibanda kizima kilitoka kimya, hata wale wa Yanga waliokuja kutucheka walisahau kucheka. Sasa hivi kibanda kile kinaonyesha filamu za kutafsiriwa, na wale jamaa niliokaa nao benchi moja tangu Agosti nikikutana nao maktaba tunapungiana mkono tu. Majina yao siyajui. Namjua mmoja kwa jina la Kapombe kwa sababu ya jezi.

Lakini kinachonisumbua msimu ukiisha ni simu ya baba.

Baba yangu yuko Tabora, na ni Yanga tangu enzi za babu. Mimi Simba niliipata kwa mjomba, aliyeninunulia jezi nikiwa darasa la pili. Baba aliitazama ile jezi, akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe," akaendelea na chai yake. Nyumbani kwetu baba haongei na watoto moja kwa moja. Si mkali, hajawahi kunichapa. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache yanapitia kwa mama. "Baba yako anauliza ada imebaki kiasi gani." "Baba yako anasema upunguze kulala kwa marafiki." Mama ni msemaji wa serikali. Nilipokuja Dar mwaka wa kwanza, nilimaliza semesta nzima bila kusikia sauti yake kwenye simu, ila salamu kwa mbali mama akiwa ameweka spika.

Aprili 16, 2023 tukawafunga 2-0, Inonga na Kibu. Nikampigia kwa namba yake mwenyewe, nikiwa bado kibandani. "Shikamoo baba. Umeona?" Kimya. Halafu nikasikia anacheka. "Marahaba. Mmebahatisha." Dakika moja na nusu, simu ikakatwa. Basi tangu siku ile tuna utaratibu. Kila derby, aliyeshinda anapiga. Na kwa kuwa tangu zile tano za Novemba 2023 hawajatuacha kupumua, mpigaji amekuwa ni yeye. Zile tano alipiga hata filimbi ya mwisho haijalia.

Fainali zina utaratibu wake. Juni 2023 Yanga walishinda 1-0 kule Algiers na bado wakakosa kombe, kwa sababu USM Alger walikuwa wameshinda 2-1 kwa Mkapa, na goli la ugenini likahesabika. Nilimpigia. Hakuuliza habari za masomo wala nini. "Mama," (huwa ananiita hivyo) "kushinda kwa watu, halafu kombe wachukue wao, hii ni hesabu gani?" Nikamwambia pole baba. Mwaka huu baada ya Berkane alipiga yeye. "Pole, mama. Fainali inauma." Hakucheka hata kidogo. Wanaosema mpira unawagombanisha Watanzania waje Tabora.

Simu ndefu kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa ya mechi ambayo haikuchezwa. Machi 8 mnaikumbuka. Watu wamesafiri kwa mabasi kutoka mikoani, jezi zimefuliwa, halafu siku ileile derby inaahirishwa. Saa moja usiku baba akapiga. "Shikamoo." "Marahaba. Sasa?" Hakukuwa na "umeona", maana hatukuona kitu. Akaanza habari za mvua. Akaenda kwenye mahindi. Akarudi kwenye mpira, akasema yeye derby yake ya kwanza aliiona uwanja wa zamani, ule tunaouita Uhuru leo, akiwa kijana, alipokuja Dar kutafuta kazi. Nilikuwa sijui kama baba aliwahi kuishi Dar. Alifikia kwa ndugu Magomeni, akalala sebuleni miezi minne, asubuhi anazunguka viwandani, jioni anarudi na vumbi. Ndugu akaanza kuhesabu vijiko vya sukari. Akapanda treni akarudi Tabora. "Ila ile mechi niliiona," akasema. Dakika kumi na saba. Nilizitazama kwenye simu baada ya kukata, kumi na saba na sekunde kadhaa.

Sijui kwa nini alinisimulia siku ile. Nadhani alishaanza kuona ninakoelekea. Mimi niko mwaka wa tatu, na nyie wa mwaka wa tatu mnajua swali ambalo kila mtu anauliza sasa hivi. Juni 25 alipiga, akanicheka vizuri kabisa, haki yake, halafu akatulia. "Mitihani lini?" Nikamwambia. "Na ukimaliza?" Nikasema tutaongea baba. Akasema haya.

Tangu hapo, kimya. Ligi haipo. Mama anapiga kama kawaida: "Baba yako anauliza unarudi lini, chumba chako wanakipaka rangi." Sina chumba Dar, sina kazi. Nina rafiki wa Sinza ambaye ana godoro la ziada, na nina ofisi moja niliyofanya mafunzo ya vitendo wakasema nipitepite. Basi. Ukiiandika kwenye karatasi haina tofauti na Magomeni ya mzee.

Agosti 2 inaanza CHAN, hapa kwetu, Kenya na Uganda, na ni mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Yaani Kapombe wetu na Bacca wao wakiitwa wanakuwa ukuta mmoja. Mimi na baba hatujawahi kuongea tukiwa upande mmoja. Aliyeshinda anapiga, sasa tukishinda wote nani anapiga? Lakini Agosti ni mbali, na rangi ya chumba itakuwa imekauka.

Kwa hiyo nimepanga kumpigia Jumapili hii. Hakuna mechi yoyote. Nitaanza na Aziz Ki, kwamba keshakwenda Wydad na msimu ujao nani ataziba lile pengo. Hapo ataongea, najua. Kwenye dakika ya tano hivi nitamwambia nabaki Dar. Mama nimeshamwomba, siku hiyo asishike simu.