Mdomo wa Guka

Shosho aliangalia dakika mbili tu, akaniambia nizime.

"Huyo si Guka wako."

Ilikuwa Jumamosi, Ol Kalou, miezi 4 baada ya kumzika. Nilikuwa nimetoka Nairobi na matatu ya asubuhi nikiwa na DVD moja ndani ya bahasha, nikijiona mjukuu wa maana kabisa. Kwenye hiyo DVD kulikuwa na video niliyorekodi kwa simu siku ya ruracio ya dada yangu: dakika 42, na karibu na mwisho Guka anasimama kuongea. Hatuna rekodi nyingine ya sauti yake. Binamu zangu walishaitazama kwa WhatsApp mpaka wakachoka, lakini simu ya Shosho ni ya kupiga na kupokea tu. Alicho nacho ni TV nene ya zamani na mashine ya DVD iliyofunikwa kitambaa.

Nilimpeleka moja kwa moja mpaka pale Guka anaposimama. Mdomo ukatangulia, sauti ikafuata, kama zile sinema za kung fu zilizotiwa sauti baadaye. Mimi ningecheka niendelee kutazama. Lakini masikio ya Shosho yamechoka, na siku hiyo ndiyo nilielewa kwamba kwa miaka mingi amekuwa akimsikia mzee wake kwa macho. Sote tulidhani anasikia vizuri. Kumbe alikuwa anamtazama mdomo.

"Guka wako hakuwa mtu wa kuchelewesha neno," akasema, akarudisha kitambaa juu ya mashine.

Niliona aibu. Kabla ya kuchoma hiyo diski nilikuwa nimekagua dakika ya kwanza tu.

Nikarudi Nairobi, nikafungua kompyuta. Nilipima pale Guka anapoongea: sauti ilikuwa nyuma kwa sekunde 2 hivi. Rahisi, nikaisogeza mbele sekunde 2. Guka akakaa sawa, lakini mwanzo ukaharibika. Akina mama walipiga vigelegele kabla hata ya kufungua midomo.

Kuna beshte yangu anahariri video za harusi. Nikampigia.

"Pima mwanzo, katikati na mwisho," akaniambia. "Kama pengo ni lile lile, sogeza sauti. Kama linakua, wachana na sauti. Shida iko kwa fremu."

Lilikuwa linakua. Kumbe simu hairekodi kwa mwendo mmoja. Unaiwekea fremu 30 kwa sekunde, lakini mwanga ukipungua inapunguza mwendo, fremu moja inakosekana hapa, nyingine pale. Faili inakumbuka kila fremu ilinaswa wakati gani, ndiyo maana kwenye simu kila kitu kilikuwa poa. Programu yangu ya kutengeneza DVD haikujali hiyo kumbukumbu. Ilihesabu fremu kana kwamba zote zimelingana. Zikikosekana 60 tu, picha imeshakimbia mbele sekunde 2 na sauti imebaki nyuma.

Nikakumbuka siku yenyewe. Asubuhi jua lilikuwa kali. Mchana mawingu yakashuka, vile huwa Nyandarua, na chini ya hema kukawa giza. Guka aliongea kwenye hilo giza.

Dawa yake ilikuwa kunyoosha video kwanza, kabla ya kuigeuza DVD. Nilitumia HandBrake, programu ya bure. Nikachagua fremu 25 kwa sekunde, mwendo usiobadilika, kwa sababu DVD za mfumo wa PAL tunaoutumia huku ndivyo zinavyotaka. Sauti nikaiweka hezi 48,000. Hapo programu inarudia fremu au kuiacha panapohitajika, ili saa ya picha na saa ya sauti ziende pamoja. Kisha ndipo nikatengeneza DVD. Safari hii nilikagua dakika ya 1, ya 20 na ya 38, macho yangu yakiwa kwenye midomo ya watu.

Baada ya wiki 2 nikapanda matatu tena.

Shosho alisogeza kiti karibu na TV. Guka akasimama, akakohoa, akasema kwamba kwa miaka 53 huyu mama ameamka kabla yake kila siku, na yeye hajawahi kumshukuru mbele ya watu. Midomo ya Shosho ilikuwa inacheza pamoja na yake.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akataka tena. Mara ya tatu akachukua rimoti mwenyewe, akapunguza sauti mpaka ikaisha kabisa, na tukamtazama Guka akiongea kwenye kimya.

Alipomaliza, Shosho alifuta macho kwa ncha ya leso, akaniuliza kama nimekula.