Uhuru Ndani ya Boksi la Viatu

Boksi nililipakata tangu stendi ya Tanga. Konda aliniomba mara mbili alipandishe juu kwenye mizigo, mara mbili nikakataa, na tulipoipita Muheza mama aliyeketi pembeni yangu hakuvumilia tena.

"Mwanangu, umebeba vifaranga?"

"Hapana, mama. Setilaiti."

Nikafunua kifuniko. Juu ya pamba ulilala mcheduara wa manila, urefu sentimita 11.6, upana 5.6, umevikwa karatasi ya fedha niliyoibandua kwenye pakiti za biskuti. Ubavuni mwake mabawa manne yamekunjwa kama ya kumbikumbi aliyetua. Mama akaligusa bawa moja kwa ncha ya kidole.

"Inaitwaje?"

"Uhuru."

"Jina zuri," akasema, na tangu hapo kila basi lilipofunga breki alinisaidia kulishika boksi, mpaka Korogwe alipoteremka.

Jina sikulitunga mimi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la chuma lililosimama kwa miguu yake ndani ya maji, kaskazini kidogo ya Malindi. Setilaiti ilikuwa ya Marekani. Walioirusha ni Waitaliano, kwenye kituo kilichoanzishwa na Profesa Luigi Broglio, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Marekani kurushiwa chombo chake na nchi nyingine. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, akaipa jina la siku yenyewe, kwa Kiswahili. Na bahari ni hii hii yetu ya Tanga: mvuvi akiifuata pwani kuelekea kaskazini, apite Mombasa, apite Kilifi, atafika. Sijawahi kulizoea jambo hilo. Kila nikilikumbuka nasisimka upya.

Uhuru iliungua ikirudi kwenye anga ya dunia mwezi Aprili 1979. Hakuna jumba la makumbusho utakaloenda kuikuta yenyewe. Ndiyo maana naikata kwa karatasi, kwa kipimo cha moja kwa kumi, na ndiyo maana mpwa wangu, mwalimu wa sayansi huko Lushoto, aliponiita nikawaoneshe wanafunzi wake, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nimezaliwa Tanga na milima ya Usambara nimeiona maisha yangu yote, buluu, mbali. Kupanda, sikuwahi.

Mombo joto lilikuwa lile lile la nyumbani. Tukahamia gari dogo, na barabara ikaanza kujipinda. Ni kilomita 30 na ushei tu mpaka Lushoto, lakini kila kona inakubadilishia dunia: upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, chini kabisa mashamba ya mkonge yakizidi kuwa madogo kama mistari ya daftari. Kufika Soni, ambako maporomoko ya maji yanaonekana kutoka barabarani, watu wanaopanda garini wamevaa masweta na shingo zimefungwa vitenge. Kwenye miteremko kuna matuta ya kabichi, karoti na maharage, yamepangwa ngazi kwa ngazi hadi mahali ambapo sikuelewa mkulima anasimamaje.

Kwenye kona mojawapo gunia la viazi liliteleza likaegemea boksi langu. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti cha kiberiti kinavunjika. Sikufungua. Nilijua tayari ni bawa.

Nilipowafungulia wanafunzi, asubuhi yake, bawa lilikuwa limeng'oka kwenye bawaba. Darasa likanyamaza. Binti mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza, kwa sauti ya kunionea huruma, "Mjomba, sasa haitaruka?" Mpwa wangu huniita mjomba, basi nikawa mjomba wa darasa zima. Nikawaambia tutaitengeneza pamoja, na kwamba atakayejua kuitengeneza atakuwa amejua jinsi ilivyotengenezwa.

Tukaanza na mikunjo. Manila ukiikunja kwa mkono mtupu hupasuka nyuzi na ukingo ukawa na manyoya. Chukua kalamu ya wino iliyokauka, weka rula, pita juu ya mstari mara mbili bila kukandamiza sana. Karatasi itakunjika yenyewe pale ulipoiambia. Mcheduara wa upana wa sentimita 5.6 unataka ukanda wa sentimita 17.6, na nusu sentimita zaidi ya ulimi wa kubandikia. Hesabu ya pai walikuwa nayo kwenye madaftari. Kwa mara ya kwanza, mpwa wangu aliniambia baadaye, waliikuta inashika kitu.

Kilichonishinda mimi ni ukungu. Tanga gundi hukauka ukiwa unavuta pumzi. Lushoto, pale juu kiasi cha mita 1,400, asubuhi ile ukungu uliingia dirishani kama mgeni aliyezoea nyumba, manila ikalainika, gundi ikakataa kushika, na kila nilipoachia ulimi ulifunguka polepole. Kijana mmoja akatoka mbio bila kuomba ruhusa, akarudi na vibanio vya nguo kutoka kwenye kamba ya jirani. Tukabana kila ungio, tukasubiri. Miaka yote ninayofanya kazi hii sikuwahi kufikiria kibanio cha nguo.

Wakati wa kusubiri tukatengeneza vingine. Sputnik, ile ya Oktoba 1957, ilikuwa tufe la sentimita 58, karibu upana ule ule wa Uhuru, na tufe ndilo gumu kuliko yote kwa karatasi: lazima ulikate vipande vilivyochongoka ncha zote mbili, kama ganda la chungwa lililomenywa kwa mistari. Chombo cha John Glenn kilikuwa rahisi. Ni pia tu iliyokatwa kichwa, na hakuna mtoto asiyejua kukunja pia ya karatasi ya kuuzia karanga. Walipokuwa wakikunja nikawaambia kwamba tarehe 20 Februari 1962, Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, mojawapo ya vituo vilivyomfuatilia kilikuwa Tunguu, Unguja. Mikono ikasimama. "Unguja hii?" Hii hii.

Gundi ilipokauka tukaitundika Uhuru kwa uzi wa cherehani kutoka kwenye boriti, na hapo ndipo nilipowapa kazi niliyoisafiria. Ubavuni mwa Uhuru palikuwa na madirisha mawili yanayotazama pande tofauti, na nyuma ya kila dirisha kipokezi cha eksirei. Eksirei ya hospitali hupenya nyama, lakini zile zinazotoka kwenye nyota huishia kwenye hewa, hazifiki ardhini. Lazima uzifuate juu. Uhuru ilizifuata kilomita 500 na zaidi, ikijizungusha pole pole kabisa, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikipekua anga kanda kwa kanda. Ilipomaliza kazi, Machi 1973, ilikuwa imekusanya habari zilizozaa orodha ya vyanzo 339.

"Izungusheni mara moja," nikasema, "kwa dakika 12."

Hakuna aliyeweza mara ya kwanza. Wa kwanza alimaliza kwa dakika moja akidhani amechelewa. Yule binti akasogeza bawa kwa kidole, unywele kwa unywele, macho kwenye saa ya mwalimu, na darasa lote likawa linapumua naye. Akafika dakika 11. Mwingine akauliza kama babu yake aliwahi kuiona. Nilimwambia njia yake ilikuwa karibu sana na ikweta, hivyo ilipita karibu juu ya mapaa ya Lushoto mara 14 hivi kila siku, kwa zaidi ya miaka 8. Babu alikuwa chini yake.

Usiku ule, mwezi wa Septemba, mawingu yalifunguka mnamo saa 2. Baridi ilikuwa kali na nyota nyingi kuliko nilizowahi kuziona pwani. Baadhi ya watoto wa jirani walikuja na wazazi wao. Nikawaonesha kaskazini, katikati ya mbingu, kundi la nyota la Cygnus, na ndani yake mahali ambapo hakuna kinachoonekana kwa jicho. Pale Uhuru iliona eksirei zikipanda na kushuka kwa kasi ambayo nyota ya kawaida haiwezi, na wataalamu wakaanza kuamini kwamba wamelipata shimo jeusi la kwanza. Cygnus X-1. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa Uhuru, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Yule binti alikuwa ameomba kuishika Uhuru ya karatasi. Aliinua boksi, akaitoa kwa mikono miwili, akatafuta dirisha moja kwa kidole gumba, akalielekeza kaskazini. Baba yake akamuuliza anafanya nini.

"Subiri, baba," akasema, akaanza kugeuka nayo pamoja, taratibu.