UDONGO WA MBUBA NA MAJI YA ZIWA VICTORIA

Leo twende Mbuba. Mbuba ni kata katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera. Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza na Washubi. Nchi yao ni ya vilima na mabonde. Wanalima migomba, maharage, mihogo na kahawa. Mifugo hulishwa katika majani ya vilimani.

Mvua kubwa ikinyesha, tazama maji yanavyoteremka. Pale penye majani mengi, maji hupita polepole na kuingia ardhini. Pale palipochomwa moto au kulimwa bila matuta, maji hukimbia. Rangi yake ni nyekundu, maana yamebeba udongo. Udongo huo ndio chakula chetu. Je, unakwenda wapi? Tuufuate.

Safari ya udongo

Maji mengi ya vilima vya Ngara huingia katika mito Ruvubu na Kagera. Ruvubu unatoka Burundi. Karibu na Maporomoko ya Rusumo unakutana na mto unaotoka Rwanda. Hapo Rusumo, Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga pamoja kituo cha umeme cha megawati 80. Nchi hizo tatu zinagawana umeme huo sawasawa. Lakini maji yenye matope mengi ni adui wa mitambo.

Kutoka Rusumo, Mto Kagera unakwenda kaskazini, kisha unageuka mashariki. Unaingia Ziwa Victoria katika nchi ya Uganda. Kagera ni mto mkubwa kuliko yote inayoingia katika ziwa hilo. Na maji ya ziwa hutoka kwa Mto Nile, hata Misri. Hivyo jembe la mtu wa Ngara linamgusa mvuvi wa ziwani, ingawa hawajaonana.

Kuni za mwaka 1994

Ngara inajua vizuri jinsi mambo yanavyofungamana. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Makambi yakajaa, kama lile la Benaco. Mbuba nako kulikuwa na kituo cha kupokea wakimbizi. Watu wale walihitaji kupika, na chakula hakipikwi bila kuni. Miti mingi ilikatwa. Miti ilipokwisha, vilima vilibaki wazi na akina mama wakatembea mbali zaidi kutafuta kuni. Vita ya nchi moja ikawa shida ya misitu na maji ya nchi nyingine.

Fundisho la gugumaji

Ziwani nako kulikuwa na shida. Gugumaji lilienea katika Ziwa Victoria tangu miaka ya mwisho ya 1980. Lilifunga njia za mitumbwi na kuharibu uvuvi. Mwaka 1997, Tanzania, Kenya na Uganda zilianza mradi wa kuhifadhi mazingira ya ziwa. Walileta wadudu wanaokula gugumaji, na gugu likapungua sana. Lakini Mto Kagera uliendelea kuleta gugu jingine kutoka juu. Rwanda na Burundi hazikuwamo katika mradi ule. Mradi wa pili, ulioanza mwaka 2009, ndio uliozijumuisha baadaye. Mwenye kufagia uani wakati upepo unaleta takataka kutoka kwa jirani, hana budi kuzungumza na jirani.

Fedha zatoka wapi?

Sehemu ya fedha za kazi hizi hutoka katika Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Mfuko huo ulianza mwaka 1991. Nchi nyingi huuchangia. Kwa miaka mingi fedha zake ziligawanywa kwa mafungu: fungu la wanyama na mimea, fungu la hali ya hewa, fungu la maji, fungu la ardhi. Lakini kilimani mambo hayo hayakai mbalimbali. Ukipanda mti, umeshika udongo, umepata kuni, umesafisha maji.

Kwa hiyo miradi ya kuunganisha mambo ilianza. Mwaka 2010 ulianza mradi wa bonde la Mto Kagera, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Mfuko ulitoa dola za Marekani zaidi ya milioni 6. Nchi zilikuwa nne: Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda. Ngara ilikuwamo. Wakulima walijifunza kwa njia ya shamba darasa: kuchimba makinga maji, kuweka matandazo, kupanda miti na majani ya mifugo.

Haki ya mkulima wa juu

Mkulima anayechimba makinga maji anatoa jasho lake na kipande cha shamba lake. Anapata mavuno, ndiyo. Lakini mvuvi, mwenye umeme na mnywa maji wa mbali wanapata pia. Kwa hiyo fedha zinazomfikia mkulima si sadaka. Ni mchango wa wale wanaofaidi kazi yake.

Hata hivyo, mradi una mwisho, na mvua haina mwisho. Makinga maji yasiposafishwa hujaa udongo na kuvunjika. Basi mradi ukija kijijini, tuulize katika mkutano: Utagusa shamba, malisho na kuni kwa pamoja? Kijiji cha pili, ng'ambo ya bonde, kimo? Fedha zikiisha, nani atatunza kazi hii? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kijiji.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Maji ya kijiji chako yanakwenda mto gani?
2. Kwa nini gugumaji halikuisha kwa kazi ya nchi tatu tu?
3. Nani anafaidi ukichimba makinga maji?